Pombe ya Kuvunjia Ukumbi

Huyu ni Coleta Mwanakulya. Babu yake mzaa baba alisimamia matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma, enzi ambazo majembe yalizaliwa hapa hapa Ufipa, hayakushushwa kwenye lori. Baba yake, mzee Eustaki, alibeba kengele ya kigango begani kwa mti, yeye na wenzake, kutoka Kaengesa mpaka Kipili, wakaifikisha ziwani haina ufa. Mama yake alizalisha wanawake wa kijiji kizima, na hakuna mzazi aliyemfia mikononi; anayebisha aje aniulize. Na Coleta mwenyewe alibeba mawe ya Ukumbi wa Maonyesho wa mji huu wa Sumbawanga, akacheza nsimba siku ya kuufungua, na miaka karibu ishirini baadaye akasimama mlangoni kuzuia nyundo. Ni wifi yangu. Nimeolewa na kaka yake. Kwa hiyo sikusimuliwa, nilikuwepo.

Naandika kwa sababu watu wameanza kusimulia vibaya. Juzi sokoni nimesikia kijana anawaambia wenzake kwamba vibibi walilewa wakataka kuuvunja ukumbi, na mfanyabiashara ndiye aliyeuokoa. Nilimwambia pale pale kwamba ana mdomo wa bata. Akacheka, akasema, "Poa, bibi." Siyo poa. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, na mwenye macho asome.

Ukumbi ule ulijengwa wakati wa kujitegemea. Nondo na saruji vilitoka serikalini, mikono ikatoka kwetu. Wanaume walichanganya zege, wanawake tukabeba mawe na mchanga kutoka mtoni kwa karai na kwa vikapu. Aliyetuongoza ni Coleta. Alikuwa mrefu, shingo imenyooka, na karai la mawe kichwani alikuwa anageuka kutukemea sisi tuliochelewa bila kulishika. Mume wake, Isdori, alikuwa fundi wa zege, kazi aliyojifunza kwa mabruda wa misheni. Yeye ndiye aliyemimina jukwaa, na yeye ndiye aliyemimina ngazi za kukalia, moja baada ya moja, akizipiga fimbo pembeni ili hewa itoke.

Mchora ramani alikuwa kijana wa Dar es Salaam, jina lake Meshack. Sisi tulizoea nyumba iwe na kuta nne, madirisha, lipu na chokaa. Yeye alituletea kitu kingine kabisa. Paa lilikunjwa-kunjwa kama karatasi, mikunjo mikubwa ya zege. Upande wa mbele hapakuwa na ukuta. Palisimama mabapa marefu ya zege, yamegeuzwa ubavu, bapa na nafasi, bapa na nafasi, ili upepo wa Juni unaoteremka kutoka milima ya Mbizi ukifika pale ukatike, lakini mwanga upite. Ndani, ngazi za kukalia zilishuka kwa nusu duara mpaka jukwaani. Na nyuma ya jukwaa ukuta ulijipinda kama kiganja cha mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Lipu hakuna. Rangi hakuna. Mbao zilipofunguliwa, zege likabaki na alama za mbao. Ukipitisha kidole unafuata mishipa ya mti.

Tuliucheka. Bertila, rafiki wa Coleta, ambaye mtoto wake Flavian alikuwa akicheza kwenye rundo la mchanga, alimuuliza Meshack mbele ya watu wote, "Baba, lipu iko wapi? Fedha zimeliwa?"

"Mama, zege halihitaji nguo."

"Basi na wewe vua shati tukuone!"

Tukacheka mpaka makarai yakaanguka. Tukasema tumejenga godauni. Naikumbuka sana kauli hiyo, tuliyoitamka wenyewe kwa midomo yetu.

Siku ya kufungua tukaacha kucheka. Coleta aliingia na akina mama wa nsimba. Asiyeijua nsimba, ni hivi: unapindua chungu kikubwa chini, unakilaza kigoda cha miguu mitatu juu yake, halafu unakisugua mbele na nyuma mpaka chungu kinaanza kunguruma. Uwanjani sauti ile hufika hatua chache, ikaliwa na upepo. Mle ndani ilipanda ule ukuta uliojipinda, ikageuka, ikatujia kifuani. Mzee mmoja aliyekuwa ngazi ya juu kabisa, kiziwi wa sikio moja, alisimama akavua kofia. Coleta akanyanyua uso, akaimba bila kipaza sauti, na kila neno likafika. Alipotoka aliniambia, "Wifi, kumbe tulikuwa tunajenga chungu."

Tangu siku ile akawa mtu wa ukumbi. Hakuajiriwa, hakulipwa. Kwaya za vigango, ngoma za shule, michezo ya kuigiza ya vijana, nsimba kila baada ya mavuno. Kama watoto walipanda na matope, alisafisha. Kama mtu alibandika tangazo kwenye zege, alilibandua, na mwenye tangazo akakoma.

Sasa lazima nieleze pombe, maana bila pombe hamtaelewa.

Kwetu mwenye kazi kubwa anapika pombe ya ulezi, anaita watu. Wanakunywa jioni, na alfajiri wanakuja na majembe. Aliyekunywa amekubali kazi. Na huulizi ni kazi gani. Kuuliza ni kumtukana mwenye pombe usoni, kana kwamba anaweza kukuitia jambo baya. Ukishindwa kazi, kuna njia moja tu: unarudisha pombe, chungu kwa chungu, kwenye mlango ule ule, mbele ya aliyeipika. Mimi nilikuwa nimefika utu uzima sijaona mtu akirudisha. Ni aibu kwa aliyekunywa, na kwa aliyepika ni aibu kubwa zaidi, kwa sababu maana yake alikuitia uchafu.

Basi zikaja hizi zama za ruksa na soko huria. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Tulipata sabuni, tulipata sukari, tulipata viatu vya mitumba. Lakini ghafla kila kitu kikaulizwa kinaingiza nini. Taa za ukumbi zilikatwa, hazikurudi. Michezo ya kuigiza ikahamia kwenye vibanda vya video. Wakubwa wa mji, ambao siwataji kwa sababu hawastahili wino, wakasema ukumbi hauingizi kitu. Na Flavian wa Bertila, yule wa rundo la mchanga, akawa na malori mawili ya kununulia mahindi, na mahindi yake yalikuwa yananyeshewa. Wakampa ukumbi. Godauni! Tulilosema kwa mzaha, mtoto wetu akalifanya kweli.

Ngazi zilimzuia. Magunia hayapangiki kwenye nusu duara, na lori halipiti kati ya mabapa. Akataka ngazi zivunjwe, jukwaa lisawazishwe, na mabapa ya mlangoni yakatwe. Akatafuta vijana wa nyundo. Wakapiga siku nzima, zege la Isdori likawachekea, wakadai nyongeza, wakaondoka. Na mjini maneno yakaanza. Ndipo Flavian akaja na akili yake, ambayo mama yake mwenyewe alituambia baadaye: "Wakiuvunja wale wale waliojenga, nani atalalamika?"

Alimwambia mama yake apike pombe ya kazi. Bertila alipika, hakuuliza ya nini. Mwanawe ana mashamba. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua zinaelekea mwisho, wakati ambao kila mtu Ufipa anakata nyasi na kuzifukia kwenye yale matuta yetu ya duara. Nani angewaza kitu kingine? Tuliitwa sisi wa zamani, akina mama wa karai na wazee wa zege, tukaenda uani kwa Bertila. Alikuwepo hata Masalu, Msukuma mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, aliyepita kuuza maziwa akaambiwa keti. Coleta akapewa kata ya kwanza, kama kiongozi. Isdori alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Coleta alikuwa hajacheka sana tangu hapo, lakini jioni ile alicheka. Pombe ilikuwa nzuri. Bertila anajua kimea.

Chungu kilipokwisha, Flavian akasimama, amevaa viatu vya kung'aa kwenye udongo wa mama yake.

"Asanteni wazee wangu. Kesho msije na majembe. Nyundo zipo, nimenunua. Tukutane ukumbini."

Nilimwangalia Coleta. Alikuwa bado ameshika kata. Aliiweka chini polepole, kinywa chini, akaondoka bila kuaga. Kwa Mfipa hilo ni zaidi ya tusi.

Asubuhi tulikwenda wote. Mtakaosoma mtasema, kwa nini mlikwenda? Tulikwenda kwa sababu tulikunywa. Wazee walisimama mbele ya mabapa, nyundo miguuni, hawatazamani. Mzee Zenon, aliyekuwa akimpokeza Isdori ndoo za zege, alikuwa anafuta macho na kusema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua imenyesha usiku kucha?

Coleta alikuwa amefika kabla yetu, amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Flavian.

"Sina marahaba ya kukupa leo. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ulijua kwamba hatuulizi."

Flavian akatazama funguo zake. "Mama, ulikunywa. Na kata ya kwanza ulikunywa wewe. Mimi sijamlazimisha mtu. Dunia imebadilika, mama yangu. Hapa hapaingizi hata senti. Mahindi ya wakulima, ya watoto wenu, yanaoza nje."

"Jenga ghala. Una malori."

"Kujenga ni gharama."

"Na sisi tuliojenga, ilikuwa bure?"

"Mlikunywa pombe," akasema, akatabasamu, na lile tabasamu sitalisahau mpaka nazikwa. "Nimefuata mila yenu. Sasa mnaikataa?"

Masalu akaona aseme neno. "Mimi Msukuma. Sikunywa kwa mila, nilikunywa kwa kiu. Nyundo hii naomba mpokee, ng'ombe wananisubiri." Akaiweka kwenye viatu vya Flavian vya kung'aa, akaenda zake. Wengine wakacheka. Coleta hakucheka.

Mzee Zenon akasema, "Coleta, tumekunywa. Tutafanyaje? Tutaitwa watu gani?"

Hapo ndipo wifi yangu aliposema, kwa sauti ile ile aliyoimbia jukwaani, na mlango ukaipokea ukaitupa ndani na kuirudisha nje:

"Pombe itarudishwa. Chungu kwa chungu. Mpaka siku hiyo, mwana wa mtu asinyanyue nyundo. Na wewe, Flavian, kama unafuata mila yetu, ifuate mpaka mwisho wake."

Alishikwa pale. Ameitumia mila kutufunga, sasa imemfunga na yeye, mbele ya mji mzima. Lakini ni mfanyabiashara, akapiga hesabu haraka. Akacheka. "Mwezi wa tatu? Ulezi upo shambani bado kijani. Utapika majani? Haya, mama, rudisha. Nakusubiri."

Alijua vihenge ni vitupu. Asichokijua ni kwamba Coleta alikuwa na ulezi, na huo ndio unaonipandisha hasira mpaka leo. Ulikuwa ulezi wa Isdori. Ulitengwa kwa pombe ya kumaliza msiba wake, ipikwe baada ya Pasaka, ndugu waje, marehemu aagwe, mjane avue kilemba cheusi. Mume hajaagwa, na kihenge kinafunguliwa kwa ajili ya mtoto mwenye malori!

Nilimwambia, "Wifi, usifanye hivyo. Kaka yako na ukoo wa Isdori watasema nini?"

"Watasema nimemnyima Isdori pombe yake. Basi waseme. Isdori atanyimwa pombe au atavunjwa ngazi? Chagua wewe."

Sikuchagua. Nikashika kinu.

Tuliloweka, tukaotesha kimea, tukaanika, tukasaga, tukapika. Binti yake Salome, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kila akitoka kazini, akachota maji bila kusema, kwa sababu ile ilikuwa pombe ya baba yake. Coleta hakuonja hata tone. Siku ilipoiva tukajitwisha vyungu, akina mama wote wa karai, kupitia barabara kubwa mchana kweupe, hatuimbi. Watu wa maduka walitoka nje kutazama.

Bertila alikuwa uani anachambua maharage. Alipoona vyungu aliweka ungo chini. Nilimwonea huruma, nami siyo mtu wa huruma nyingi.

"Tumeshindwa kazi yako," Coleta akamwambia, amepiga magoti kama desturi inavyotaka. Magoti yale! Mtu hajakosa, anapiga magoti. "Tumekurudishia pombe yako. Pokea."

"Coleta, mimi sikujua," akasema Bertila. "Kwa Mungu wangu, nilijua ni matuta."

"Sisi pia tulijua ni matuta. Pokea."

Bertila akagusa kila chungu kwa mkono, kimoja kimoja, akilia. Alipofika cha mwisho akauliza, "Ulezi huu umeutoa wapi?" Akamtazama Coleta, akaona kilemba cheusi, akajijibu mwenyewe. Akakaa chini kwenye maharage yake.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Sisi tulikuwa huru, lakini Flavian hakuwa na aibu ya kumzuia. Alileta vijana wa mbali kwa lori, na mashine ya kutoboa zege. Walikata mabapa mawili ya mlangoni. Wakaingia, wakang'oa ngazi tatu za chini, zile za karibu na jukwaa, zile za watoto. Mlio wa ile mashine mle ndani! Ukumbi uliojengwa kukuza sauti, ukaikuza na ile. Mji mzima ulisikia unavyovunjwa.

Walipogeukia jukwaa walimkuta mtu amekaa. Siyo Coleta. Ni Bertila. Amepindua chungu, kile kile alichorudishiwa, ameweka kigoda juu, anasugua. Coleta akapanda na cha kwake, nami nikapanda, na wengine. Tukasugua. Flavian akaja mbio.

"Mama, shuka! Unaniaibisha!"

"Mimi nilishaaibika," akasema Bertila. "Nilipokea pombe iliyorudishwa, mimi mke wa mtu, kwa ajili yako. Mwambie kijana wako atoboe. Aanzie hapa." Akagonga zege kwa kisigino.

Kijana wa mashine, wala hakuwa wa kwetu, akazima. "Bosi," akasema, "mimi mama wa mtu sitoboi." Akaanza kukunja waya.

Jukwaa lilibaki. Ukuta uliojipinda ulibaki. Ngazi za juu zilibaki. Mahindi yamepangwa katikati mpaka leo. Watu walimjia Coleta kumpongeza, akawafukuza. "Mnapongeza nini? Ngazi tatu zimekwenda. Isdori hajaagwa. Mwacheni mtu na hasira yake." Na kila jioni alikwenda na karai, lile lile la zamani, akaokota vipande vya zege vilivyotupwa nje, akavirundika uani kwake. Watu wakasema ujane umempanda kichwani. Mimi wifi yake nikaona rundo linakua.

Miaka imepita bila ulezi wa kutosha pombe. Jumapili iliyopita, baada ya misa, alituita mimi na Salome uani. Mguu wake wa kulia sasa hauna nguvu, anatembea kwa fimbo. Alikuwa amekaa juu ya kipande kikubwa cha zege, chenye alama za mbao.

"Salome, ulezi mwaka huu umekubali."

"Umekubali, mama."

"Ukishavunwa, utapika wewe. Mimi mkono wangu hauwezi tena kinu. Vyungu viwili. Kimoja ni cha baba yako, aagwe sasa, na aagwe pale jukwaani alipopamimina, siyo hapa nyumbani. Cha pili ni cha kazi." Akagonga rundo kwa fimbo. "Hivi vipondwe viwe kokoto. Ngazi tatu zirudi mahali pake. Zenon bado anakumbuka vipimo, na akifa kabla ya mavuno nitamgombeza huko huko."

Salome akatazama rundo, akanitazama mimi. "Mama, ukumbi una kufuli. Funguo anazo Flavian."

"Ndiyo. Kwa hiyo utamwalika."

"Flavian? Nimwalike Flavian kwenye pombe ya baba?"

"Kwenye pombe ya kazi. Mkalishe karibu na mama yake, watu wawe wameshajaa. Halafu, kabla kata haijamgusa mtu mdomo, wewe simama uitaje kazi. Itaje yote, kwa sauti, kila mtu asikie: tunajenga upya ngazi za Isdori. Sisi hatutafanya kama alivyotufanyia. Asije akasema alidanganywa."

"Na baada ya hapo?"

Coleta akanyoosha mkono, akamkabidhi kata, ile iliyokuwa inaning'inia jikoni kwake tangu ameolewa.

"Baada ya hapo kata ya kwanza mpe yeye. Tuone kama atakunywa."